Mapigo Arobaini na Manne

Winchi alirudi nyumbani saa nane mchana, saa ambayo mpakiaji wa magunia harudi nyumbani ila awe ameumia au amefukuzwa. Mkewe alikuwa ameketi mlangoni, gunia lililochanika mapajani, sindano ndefu ya kushonea magunia mkononi. Alimwangalia mumewe kuanzia miguuni kwenda juu, akitafuta damu. Hakuiona. Alichokiona ni tarakimu tatu nyeusi zilizoandikwa kwa wino mzito kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya bega: 148.

"Nini hiyo?"

"Ni mimi," Winchi alisema. "Tangu asubuhi hilo ndilo jina langu."

Akaketi chini, akaeleza. Ghala la nafaka lilikuwa limepata mmiliki mpya, na mmiliki huyo alikuja na fomu mpya. Wapakiaji wote walipangwa mstari uani, vifua wazi, wakaambiwa wapande benchi na kushuka, wapande na kushuka, kwa dakika tatu, wakifuata filimbi. Kisha mtu akae dakika moja, na mpimaji mwenye koti jeupe amshike kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo ya moyo. Aliyezidi mia na ishirini hafai kubeba mzigo. Msimamizi alitangaza kila hesabu kwa sauti, akaiandika kwenye mkono wa mtu, eti wasije wakachanganyika. Ndivyo walivyokuwa wakiandika magunia.

Sasa Winchi hakuitwa Winchi bure. Kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo, alikuwa akinyanyua gunia la kilo mia peke yake na kulipandisha ubaoni mpaka juu ya lori huku anapiga soga. Kusomewa mia na arobaini na nane mbele ya vijana aliowafundisha kazi kulimkata maini. Mmoja wao alipaza sauti, "Winchi imeisha mafuta!" Na watu wakacheka, kwa sababu watu wenye hofu hucheka chochote.

"Wamekufukuza?" mkewe aliuliza.

"Waliozidi tumerudishwa leo tu. Wamenipa wiki sita. Nikapimwe tena. Nikishindwa, nirudishe ovaroli."

"Kwani gunia linabebwa na moyo?"

"Kamwambie msimamizi."

Mke alileta maji, sabuni na kitambaa kikuukuu, akaanza kumsugua mkono. Wino haukutoka. Alisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu, na Winchi akamwacha asugue kwa sababu aliona kwamba mwenzake anahitaji kufanya kitu. Wote wawili walijua hesabu ya maisha yao. Magunia aliyokuwa akishona mke yalitoka ghala lile lile, kwa sababu ya Winchi. Akitoka yeye, na sindano nayo imetoka.

"Basi, utanichuna," Winchi alisema hatimaye. Siku nne alivaa shati la mikono mirefu, na jua lilikuwa kali.

Binti yao aliporudi kutoka sekondari jioni ile, hakuficha macho kama walivyotegemea. Alimkunja baba yake mkono wa shati, akaisoma ile hesabu, akauliza walimpima vipi. Alipoambiwa, alitupa mkoba kitandani.

"Mbona hili tulilifanya darasani! Tulihesabu mapigo tukiwa tumekaa, tukakimbia kuzunguka uwanja, tukahesabu tena. Ya kila mtu yalipanda. Misuli ikifanya kazi inadai damu zaidi, na moyo lazima uipeleke haraka. Lakini mtu akizoea mazoezi, moyo wake unapata nguvu. Pigo moja linasukuma damu nyingi, kwa hiyo hauna haja ya kwenda mbio sana, na ukienda mbio unatulia upesi. Mwalimu anasema wanariadha wakubwa, wakiwa wamekaa tu, moyo hupiga mara hamsini kwa dakika. Wengine hata arobaini."

Yote hayo ni kweli. Mtoto alilishika somo lake na alilisema vizuri. Hata hayo maneno ya "wakiwa wamekaa tu" aliyatamka waziwazi, ila hakuna mtu aliyeyabeba, hata yeye mwenyewe. Kilichobaki ndani ya chumba kile ni kwamba moyo wenye nguvu hupiga polepole, na kadiri unavyopiga polepole ndivyo ulivyo na nguvu. Mimi siwezi kuwalaumu. Mtu akitishiwa riziki kwa sababu ya namba kubwa, atafanya nini kama si kuiombea namba ndogo?

"Mimi nabeba magunia kutwa nzima," Winchi alisema. "Mazoezi gani tena?"

"Ile ni kazi, baba. Haya ni mazoezi."

"Tofauti yake?"

"Mazoezi yana ratiba."

Winchi alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Haya, Kocha. Niandikie ratiba."

Jina hilo likamganda binti yake tangu jioni ile.

Wakaanza. Mke alipiga makofi badala ya filimbi, jicho kwenye saa ya mezani. Winchi alipanda stuli na kushuka, akipumua kama pampu ya baiskeli. Dakika tatu zikiisha anaketi, dakika moja inapita, na Kocha anamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, anahesabu midomo ikichezacheza, anaandika katika daftari: tarehe, saa, mapigo.

Jirani yao Kamba alikuja kutazama. Aliitwa Kamba kwa urefu na wembamba wake, alikuwa mpakiaji katika ghala lile lile, naye alishindwa pia, kwa mia na thelathini na mbili. Aliegemea mlango, akatikisa kichwa.

"Shemeji, huyu vipi? Mtu mzima anapanda stuli, anashuka, anapanda tena, utadhani anatafuta chumvi juu ya kabati na kila akifika anasahau alichofuata."

"Njoo nawe upande," mke alimjibu.

"Aa, mimi nitapumzika. Moyo wangu nitaubembeleza, utashuka wenyewe."

"Utabembeleza mpaka unyang'anywe ovaroli," Winchi alisema huku anahema, na wote wakacheka.

Wiki ya kwanza ilikuwa mia na arobaini na tano. Ya pili, mia na thelathini na sita. Ya tatu, mia na ishirini na saba. Winchi alianza kutembea kifua mbele. Alimwambia kila mtu ghalani kwamba ana kocha wake binafsi, na kwamba kocha huyo hachezewi. Jumatatu ya wiki ya nne walipata mia na kumi na mbili, na mke alimkumbatia mumewe mbele ya mtoto, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Halafu Alhamisi ya wiki ile ile yakawa sabini. Jumamosi yakawa arobaini na nne.

Kocha alihesabu mara mbili. "Mama, hebu nawe hesabu."

Mama alihesabu, naye akapata arobaini na nne. Aliweka sikio kwenye kifua cha mumewe kilicholowa jasho. Moyo ulikuwa unapiga kwa uzito, unasimama, unapiga tena, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo akipumzika kila hatua.

"Baba, unajisikiaje?"

"Nimechoka kidogo. Miguu mizito. Lakini si ndiyo mazoezi yenyewe?"

"Wanariadha wanafika arobaini," Kocha alisema polepole, na uso ukamfunguka. "Baba! Umebakiza manne!"

Basi ikawa furaha. Winchi alimbeba binti yake mgongoni hatua mbili, kisha akamtua na kushika ukuta, akisema stuli imemlewesha. Mke alikaanga mayai yote yaliyokuwamo ndani, akachemsha chai, akatia sukari bila kupima. Kamba alipopita aliitwa ndani, akaonyeshwa daftari kama mtu anavyoonyeshwa picha ya harusi.

"Arobaini na nne baada ya kupanda stuli? Huyu si mtu tena," Kamba alisema. "Huyu moto wa kuotea mbali."

Dalili zilikuwepo. Asubuhi Winchi alikuwa akivaa kiatu kimoja, anapumzika, ndipo anavaa cha pili. Alikuwa anasinzia kijiko kikiwa mkononi. Mara mbili alisema kwamba mbele kumekuwa giza kidogo, halafu kumekucha tena. Mkewe aliyaona yote hayo, na Jumatano moja alilisema.

"Twende zahanati wakakutazame."

"Nikaseme nini? Daktari, nina shida, moyo wangu umetulia kupita kiasi? Si watanifukuza kwa kicheko?"

"Unachoka sana, mume wangu."

"Moyo umetulia, na mwili nao unataka kutulia. Tena ghala likisikia nimeonekana zahanati wiki hii, unafikiri watanipima tena? Vumilia. Zimebaki siku tisa."

Mke hakuendelea. Kusema kweli alishukuru kimoyomoyo kwamba amekataa, kwa sababu naye aliiogopa zahanati kwa sababu hizo hizo. Shukrani hiyo haikuchukua sekunde tatu, lakini ndiyo itakayomtafuna maisha yake yote.

Siku ya kipimo, mke alikwenda ghalani kupeleka magunia aliyoshona. Ndani ya kikapu alitia lile daftari, kwa sababu Kocha alimsihi amwonyeshe mpimaji kazi yao. Mlinzi hakumruhusu kuingia uani. Akabaki getini, mikono kwenye vyuma, na aliweza kuona kila kitu.

Winchi alipanda na kushuka dakika tatu. Mwisho mwisho miguu ilimgomea, lakini alijikaza. Akaketi. Mpimaji alimshika kifundo cha mkono, akahesabu, akainua macho kumtazama usoni, akahesabu tena.

"Arobaini na mbili," alimwambia msimamizi. "Huyu nimwandikeje?"

"Kikomo ngapi?"

"Mia na ishirini."

"Amezidi?"

"Hajazidi. Lakini hii..."

"Kama hajazidi amepita. Foleni yote hii unaiona?"

Fomu ilikuwa na nafasi mbili tu, ya waliozidi na ya waliofaulu. Mpimaji aliitazama fomu, akaitazama foleni, akatia alama ya kufaulu. Msimamizi akaandika 42 mkononi mwa Winchi, na uani kukalipuka kelele. "Winchi imetiwa mafuta!" walipiga mayowe vijana wale wale. Winchi aliinua mkono ule juu kuelekea getini ili mkewe auone. Mke alitikisa kikapu. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka.

Kamba alipata mia na thelathini na moja. Akapewa wiki tatu za mwisho.

"Waliopita, kazini!" msimamizi aliita. "Lori limesimama tangu asubuhi."

Winchi alibeba gunia la kwanza, la pili, la tatu. La nne alilibeba akiwa kimya, hana soga. Katikati ya ubao alisimama, akalitua gunia taratibu, akaketi juu yake.

"Mheshimiwa kaketi kitini!" mtu mmoja alisema, na watu wakacheka. Hata mkewe getini alitabasamu. Alifikiri anawatania. Winchi aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali, kisha akalala upande, akadondoka kutoka ubaoni mpaka kwenye saruji.

Hospitalini, daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Alimketisha mke kwenye kiti, naye akavuta kingine akaketi karibu, na kwa jinsi alivyoketi mke akajua.

Daktari aliuliza maswali. Alikuwa anachoka? Alikuwa anaona giza? Tangu lini? Mke alitoa daftari kikapuni na kumpa. Daktari alisoma ukurasa baada ya ukurasa.

"Nani aliandika haya?"

"Mtoto wetu. Ana miaka kumi na sita."

"Anahesabu vizuri sana." Daktari aliweka kidole juu ya mstari mmoja na hakukiondoa. "Mpaka hapa, mama, haya ni mazoezi. Moyo ulikuwa unapata nguvu kweli. Kuanzia hapa ni ugonjwa. Moyo una njia yake ya ndani inayopeleka amri ya kupiga. Njia hiyo ilikatika. Mtu akipanda na kushuka dakika tatu, mapigo lazima yapande. Dakika moja haitoshi kuyarudisha chini kiasi hiki. Yakikataa kupanda, mtu huyo ni mgonjwa, tena wa kulazwa."

"Mazoezi ndiyo yaliyomuua?"

"Hapana. Mazoezi yalikuwa yanaonyesha ugonjwa, kila jioni. Kilichommaliza ni kubeba mzigo kwa moyo ule."

Mke alilirudisha daftari kikapuni. Nje ya mlango mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu.

"Kulikuwa na la kufanya?"

Daktari alisita. Angeweza kudanganya, na pengine ingekuwa huruma. "Kuna kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi, hapa, chini ya bega. Kinausukuma moyo upige. Watu wanaishi nacho miaka mingi."

"Ningemleta wiki mbili zilizopita?"

"Hata jana, mama."

Kocha alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya shule. Habari ya kifo ilikuwa imemfikia. Hakuwa analia. Alikuwa na swali, na swali lilikuwa limeziba njia ya machozi.

"Mama, nilihesabu vibaya?"

"Hukukosea hata pigo moja."

"Basi kwa nini?"

Mama aliutazama uso wa mwanawe. Moyo ulimuuma vibaya, na katika maumivu hayo uongo ulikuja wenyewe, tayari umeshavishwa nguo.

"Aliteleza ubaoni. Akaangukia kichwa. Daktari amesema moyo wake ulikuwa mzima kabisa."

"Mzima kabisa?"

"Kabisa. Wewe ndiye uliyeuponya."

Ndipo mtoto akalia, akaanguka mikononi mwa mama yake, akalia mpaka sauti ikakauka. Daftari lilikuwa chini ya nguo ndani ya kikapu. Kesho yake mama alilichoma pamoja na takataka.

Wakazika. Wapakiaji wote walikuja, na kwa kuwa wote walimwona akidondoka ubaoni, hakuna aliyekuwa na neno tofauti. Watu walikaa nyumbani wakitoa pole, na kila aliyemshika Kocha mkono aliambiwa lile lile: "Moyo wa baba ulikuwa arobaini na mbili. Kama wa mwanariadha." Alilisema kwa fahari, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho cha kumpa baba yake. Mama alikuwa akimimina chai, anaitikia kwa kichwa, na kila akiitikia alihisi kwamba anamzika mumewe tena.

Siku ya tano wageni walikuwa wamepungua. Kamba alikuja saa za asubuhi, akaketi pembeni, akafikicha viganja vyake kwa muda.

"Shemeji, naona aibu. Msiba bado mbichi."

"Sema tu, shemeji."

"Zimebaki wiki mbili wanipime. Nilikuwa namcheka marehemu na stuli yake, naye akanishinda. Nina watoto wanne. Naomba, kama haitakuwa vibaya, Kocha anifundishe. Nami nataka nifike arobaini kama yeye."

Kabla mama hajafungua mdomo, Kocha alikuwa ameshasimama. Kwa siku tano alikuwa hali, hachani nywele, hasogei mpaka asogezwe. Sasa alipita mbio kwenda kuchukua stuli, akaiweka katikati ya chumba, akaipangusa kwa kiganja.

"Keti kwanza, baba mdogo. Lazima tujue tunaanzia wapi." Akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, macho kwenye saa. Dakika ilipopita, akatabasamu. "Themanini na nane, na bado umekaa! Usijali. Tutayashusha."

Mama aliuona uso ule wa mwanawe na akatamani kuuacha hivyo. Akajiambia atamvizia Kamba kesho njiani, amweleze faraghani: fanya mazoezi, lakini mapigo yakianguka ghafla kimbilia hospitali. Lakini ghala halitaki waliozidi, na Kamba ana watoto wanne, na mtu wa namna hiyo hakimbilii hospitali kwa sababu namba yake imekuwa nzuri. Ataificha hofu yake mfukoni kama walivyoificha wao. Na vidole vitakavyokuwa juu ya mkono wake siku hiyo ni vya Kocha. Kocha ndiye atakayeruka kwa furaha.

"Mwachie mkono baba yako mdogo," alisema.

"Ndiyo kwanza tunaanza, mama."

"Mwachie. Shemeji, wewe usiondoke, haya yanakuhusu. Kocha, njoo ukae hapa karibu yangu."

Mtoto alikuja, tabasamu bado halijamtoka, akaketi. Mama alimshika mikono yote miwili, akaibana kwa nguvu ili asiweze kuinuka na kukimbia.

"Baba yako hakuteleza," alisema.